230CE ya 1983: ikiwa ya moto haiwaki, kutu imeanza, breki inabana. Nianze na lipi?

Milango_Miwili

Wakuu, salaam. Gari ni Mercedes-Benz 230CE ya 1983, chesisi 123.243, injini M102, gia za otomatiki. Imekaa chini ya mwembe Mikocheni kama miaka mitatu, inawashwa mara moja moja. Nataka kuirudisha barabarani kwa kazi ya uani. Nina jeki, stendi nne, spana kamili na mita ya umeme. Fundi wa kuchomelea nitamwita siku akihitajika.

Hali ilivyo:

1. Asubuhi inawaka kwa stata moja. Ikienda Mwenge na kurudi, ikazimwa dakika 20, haiwaki tena mpaka stata ipigwe sekunde 15 au zaidi. Ikishawaka inatetemeka nusu dakika halafu inatulia. Ikiachwa saa mbili ipoe, inawaka kama kawaida.
2. Kutu: fenda zote mbili nyuma ya tairi, kona za chini za kioo cha nyuma, na sakafu upande wa dereva ina unyevu chini ya kapeti.
3. Tairi ya mbele kushoto inapata moto, rimu haishikiki.

Fundi mmoja anasema tuanze na rangi. Mwingine anasema pampu ya petroli imekufa, ninunue mpya. Mfuko unaruhusu jambo moja kwa wakati. Nishaurini.

Jeti_K

Pampu usinunue kwanza. Pampu iliyokufa haiwezi kuwasha gari asubuhi kwa stata moja. Hiyo ni presha inayotoroka baada ya injini kuzimwa.

K-Jetronic, mfumo wa kunyunyiza petroli wa gari hii, haina kompyuta inayofungua nozeli. Nozeli zinafunguka zenyewe presha ikifika bar 3 na nusu hivi, na injini ikishawaka zinanyunyiza bila kukoma. Kiasi cha petroli kinapimwa na sahani ya hewa inayoinua pini ndani ya kisambazaji cha petroli. Ukizima gari, presha inatakiwa ishuke kidogo tu, chini ya ile ya kufungua nozeli, kisha ibaki hapo. Kazi ya kuishikilia ni ya vitu viwili: vali ya kuzuia mafuta kurudi, iliyo kwenye mdomo wa pampu, na akumuleta ya petroli, lile kopo la chuma lenye springi na kiwambo ndani, jirani na pampu chini ya gari karibu na ekseli ya nyuma.

Isiposhikilia, inakuwa hivi. Ukizima injini, kwa dakika 15 hadi 30 joto chini ya boneti linapanda badala ya kushuka, kwa sababu feni imesimama, maji hayazunguki na chuma kinatema joto lake. Petroli iliyobanwa kwa presha haichemki kirahisi, lakini isiyobanwa inageuka mvuke ndani ya mabomba. Ukipiga stata, pampu inaanza kwa kusukuma mvuke. Ndiyo maana dakika mbili baada ya kuzima inawaka, saa mbili baadaye inawaka, ila dakika 20 inagoma. Kwa joto la Dar kipindi cha kaskazi, Januari na Februari, kasoro ndogo ya vali inaonekana kila siku.

Kabla ya yote, mwaga petroli yote ya zamani. Miaka mitatu tangini imeshaoza na ina maji. Badilisha na filta. Halafu hakikisha tatizo si moto wa plagi. Siku ikigoma, chomoa waya mmoja wa plagi, vaa plagi ya ziada, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na petroli, mtu apige stata. Cheche ikiwepo, endelea na petroli. Isipokuwepo, fungua kisanduku cha elektroniki cha umeme wa plagi: chini yake huwa kuna pasta nyeupe ya kupeleka joto kwenye bodi. Ikikauka, kisanduku kinachemka na kukata moto gari ikiwa ya moto, dalili inayofanana kabisa na yako. Futa, paka pasta mpya, rudisha.

Sasa pima. Unahitaji geji ya bar 0 hadi 10, kiungo cha T na bomba la kufunga, iwekwe kati ya kisambazaji na kidhibiti cha presha cha kupashia injini (warm-up regulator). Fungua nati taratibu huku umefunika kitambaa, maana ndani kuna presha. Washa za shaba (pete za kuzuia kuvuja) ziwe mpya kila ukifungua, za zamani zinavuja hata ukaze vipi. Kizima moto kiwe karibu, na kazi hii ifanyike uani, si ndani ya gereji iliyofungwa.

Chomoa relei ya pampu, angalia mchoro ubavuni mwake, unganisha 30 na 87 kwa waya wenye fyuzi ili pampu iende bila injini. Kisha:

Bomba la T likifungwa unasoma presha ya mfumo, inatakiwa juu kidogo ya bar 5. Likifunguliwa, injini ikiwa ya moto, unasoma presha ya udhibiti, kama bar 3.5. Ikiwa chini sana gari inakula petroli na kutoa moshi mweusi, ikiwa juu sana inakuwa kavu (petroli haitoshi) na inakohoa. Zima pampu, tazama saa. Baada ya dakika 30 isiwe chini ya bar 2.5.

Ikianguka haraka, mtafute mwizi mmoja mmoja:

– Rudia kipimo, na mara tu pampu inapozimwa bana mpira laini unaotoka tangini kwenda kwenye pampu, kwa koleo la kubana lililofungwa kitambaa. Presha ikishika sasa, vali ya pampu ndiyo inayovuja.
– Chomoa mpira mwembamba wa nyuma ya akumuleta unaorudi tangini. Petroli ikitoka kwenye kopo lenyewe, kiwambo kimetoboka. Hakirekebishwi, badilisha.
– Bana mpira wa marejeo (unaorudisha petroli tangini) kutoka kwenye kisambazaji. Ikishika, sili ya mviringo ya kidhibiti presha ubavuni mwa kisambazaji imechoka. Ni raba ndogo ya bei ndogo, ila chunga vijisahani vyembamba vilivyo nyuma ya springi yake: ukipoteza kimoja, presha ya mfumo inabadilika.
– Haishiki popote? Chomoa nozeli zote nne, zitie kwenye chupa za kioo, bonyeza sahani kidogo utazame. Mnyunyizo uwe wa ukungu, si uzi. Ukiachia sahani, zisidondoshe.

Ukiwa hapo chini, pima na wingi: chomoa marejeo, elekeza kwenye dumu, pampu iende sekunde 40. Ikifikisha lita 1 na umeme kwenye nyaya zake si chini ya volti 11.5, pampu ni nzima na huyo fundi wako alitaka kukutia hasara.

Skrubu ya mchanganyiko, ile ya kushukia kwa alen ndefu ya mm 3, usiiguse mpaka presha zote ziwe sawa. Gari nyingi za K-Jetronic zimeharibikia hapo.

Kijiwe_Gerezani

Mnajisumbua na mabomba ya Wajerumani. Tafuta kabureta ya Corolla, chonga sahani ya kuunganishia, unawaka. Spea kila duka Kariakoo.

Jeti_K

@Kijiwe_Gerezani kuwaka itawaka, mkuu. Ila pampu ya gari hii inasukuma zaidi ya bar 5, na kabureta inataka robo ya bar moja tu. Sindano ya kabureta haiwezi kuzuia presha hiyo, petroli inafurika juu ya injini ya moto. Kwa hiyo utanunua pampu nyingine, utaziba marejeo, utachonga manifoldi iliyotengenezwa kwa ajili ya nozeli, na ulaji utapanda. Mwisho umetumia zaidi ya bei ya akumuleta, na siku ya kuuza gari imepoteza nusu ya thamani yake.

Kabla ya kuhukumu mfumo, jaribu hili dogo: injini ikiwa kwenye sailensa (inazunguka taratibu bila kukanyaga mafuta), fungua kifuniko cha kujazia oili. Kwa K-Jetronic nzima injini inayumba au inazima, kwa sababu hewa imeingia bila kupita kwenye sahani. Isipobadilika chochote, kuna tundu jingine tayari linaloiba hewa. Mara nyingi ni lile buti la raba chini ya sahani, linapasuka kwenye mikunjo ya chini pasipoonekana mpaka ulitoe.

Bati_Jembamba

Nachukua upande wa kutu. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Ukipaka leo, maji yaliyo chini ya kapeti yataitoboa kutokea ndani kabla ya masika ijayo.

Anza na njia za maji, haina gharama yoyote. Chini ya boneti, mbele ya kioo, kuna chumba cha kuingizia hewa ya ndani, na mifereji yake ya kutolea maji iko pande zote mbili. Gari iliyolala chini ya mwembe imejaza majani yaliyooza humo. Maji yanapanda na kumwagikia kwenye sakafu ya mbele. Zoa kwa mkono, kisha mimina lita 2 za maji upande mmoja mmoja, uone yanatokea chini nyuma ya tairi. Kama ina paa la kufunguka, mirija yake ya kona nne ipulizie upepo mdogo. Upepo mkali unachomoa mrija ndani ya nguzo na hutaurudisha bila kushusha dari. Kisha vitundu vya chini ya milango, na kizibo cha raba kwenye shimo la tairi ya akiba.

Angalia vizibo vya raba vya matundu ya jeki chini ya pembeni. Vikikosekana, tairi inarusha maji ndani ya boksi la pembeni (chuma chenye uwazi chini ya mlango), na boksi linaoza kutoka ndani huku nje kunang'aa. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi.

Hapa ndipo gari ya milango miwili inapotofautiana na sedani ya W123 (jina la toleo hili la Mercedes). Haina nguzo ya kati, na uzito wa katikati unabebwa na boksi la pembeni. Fundi akilikata bila maandalizi, bodi inakaa vibaya na mlango hautafunga tena. Kwa hiyo: gari ikae kwenye stendi penye nguvu, si juu ya jeki moja. Pima nafasi ya mlango juu, katikati na chini, andika kwenye utepe wa karatasi ubandike hapo hapo. Chomelea bomba la kushikilia kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Kata vipande vya sentimita 30 tu, ziba, ndipo ukate kingine. Pima tena kila mara.

Kuchomelea: kataa stiki. Fito ya mm 2.5 inatoboa bati hili kabla hujatoa mkono. Dai mashine ya MIG (inayochomelea kwa waya na gesi) yenye waya wa mm 0.6, au 0.8 ukikosa, na bati jeusi la mm 0.9 hadi 1. Mabati ya paa hayafai hata kama yapo bure nyumbani: ni membamba mno na yamepakwa zinki, ambayo inatoa moshi mbaya na kuacha weldi yenye matundu. Chomoa betri na soketi ya altaneta kwanza. Piga nukta, ruka sentimita 4, piga nyingine, rudi kati vikipoa. Fundi akivuta mstari mrefu, bati linajikunja na utalijaza puti maisha yako yote.

Kioo cha nyuma kinatolewa na watu wawili: mmoja ndani anasukuma kona ya juu kwa nyayo, taratibu, mwingine nje anapokea. Raba ya zamani usiirudishe, imeshakuwa ngumu kama ubao, na ndiyo iliyoleta kutu ya kona. Raba hii agiza kwa namba ya chesisi ukitaja 123.243, maana ya sedani haiingii: gari hii ni fupi kwa mm 85 kati ya ekseli, na paa na vioo vyake ni vingine kabisa. Fenda za mbele pia hakikisha kwa namba kabla ya kulipa. Kwa vitu vya chini ya gari, kama kalipa, bushi na mikono, Shauri Moyo pale Ilala unaweza kupata vya W123 ya kawaida vikakaa bila neno.

Rangi ya chini: chuma kikwanguliwe mpaka kiwe cheupe, kifutwe grisi, epoksi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mkono mara mbili, ndipo puti, na isizidi mm 3. Puti juu ya chuma kitupu ni kosa la gereji nyingi hapa mjini. Puti inanyonya unyevu kama sponji na kutu inaanzia chini yake. Kipindi kizuri ni Juni hadi Septemba. Ukilazimika wakati wa mvua, pima joto la bati: liwe juu ya kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau, la sivyo rangi itapata weupe na baadaye malengelenge.

Mwisho, nta ya ndani ya bodi kwenye maboksi na milango, bodi ikiwa kavu kabisa. Oili chafu ya injini msipake chini, tafadhali. Inalainisha bushi za raba, mvua moja inaifua, na inamwagika barabarani. Na lami nyeusi juu ya kutu ni sawa na kuifunika blanketi ilale vizuri.

Moja zaidi, wengi hawaliangalii: maji ya kuoshea. Visima vingi vya ukanda wa Mikocheni, Msasani na Mbezi vina chumvi. Onja. Kama yana ladha, usioshee gari, na usiyatie kwenye rejeta. Rejeta tia kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri (yaliyosafishwa, si asidi).

Breki_Kwanza

Nawaheshimu wote hapo juu, ila tairi inayopata moto ndiyo itangulie. Kukosa kuwaka kunakuacha kwenye maegesho. Breki inayobana inachemsha mafuta yake, na mkishuka daraja lolote pedali inaenda mpaka chini.

Inua mbele, zungusha tairi kwa mkono. Ikiwa imebana, legeza nipo ya kalipa (skrubu ya kutolea hewa kwenye kifaa kinachobana breki). Tairi ikiachia papo hapo, presha ilikuwa imefungiwa. Isipoachia, pistoni imeshika kutu. Kama ni presha, bonyeza breki ibane tena, kisha legeza kiungo cha juu ya mpira wa breki, upande wa bomba la chuma. Ikiachia hapo, tatizo liko juu, kwenye masta silinda au urefu wa fimbo ya pedali. Isipoachia, ni mpira: umevimba ndani, mguu unasukuma mafuta yapite lakini hayana nguvu ya kurudi. Kwa nje unaonekana mzima kabisa. Badilisha yote minne kwa pamoja.

Pistoni ikiwa ndiyo, itoe kwa kukanyaga pedali ukiwa umeweka kipande cha mbao katikati, si kwa upepo wa kompresa, inaruka kama risasi. Yenye vishimo vya kutu usiisugue msasa ukairudisha. Nunua pistoni na seti ya sili. Paka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha raba. Mafuta DOT 4, lita moja na nusu inatosha kusafisha mfumo mzima, anza na gurudumu la mbali zaidi na masta. DOT 4 mpya inachemka si chini ya nyuzi 230, ila ikishanyonya unyevu inashuka hadi karibu 155, na kwa hewa ya pwani inanyonya haraka. Kila miaka miwili mwaga yote.

Tairi zenyewe soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zilizosimama miaka mitatu sehemu moja huwa na ubapa na nyufa. Saizi ya kawaida ni 195/70 R14. Boliti kaza 110 Nm kwa spana ya kupimia, si kwa kuruka juu ya mpini.

Milango_Miwili

Asanteni sana wakuu. Majibu ya vipimo:

Tairi iliachia kwenye nipo, haikuachia kwenye kiungo cha juu. Mipira minne imeagizwa.
Cheche ipo ikiwa ya moto. Pasta imebadilishwa hata hivyo.
Presha ya mfumo 5.3. Ya udhibiti, injini moto, 3.5. Wingi: lita 1.1 kwa sekunde 40.
Kushika: baada ya dakika 10 imebaki 0.8. Nikibana mpira wa tangi, dakika 30 iko 2.7. Akumuleta nyuma ni kavu.
Kifuniko cha oili: injini inayumba vizuri.
Majani ya mwembe yaliyotoka mbele ya kioo yamejaza ndoo.

Jeti_K

Basi ni vali ya pampu peke yake. Inauzwa mbali na pampu. Taja namba ya Bosch iliyochapwa kwenye pampu yako, nyuzi za vali zinatofautiana. Nunua na washa mbili za shaba, moja kila upande wa kiungo. Ukifungua, shika mwili wa vali kwa spana moja na nati kwa nyingine, vinginevyo unazungusha kichwa cha pampu na kukipasua. Ukimaliza, pampu iende dakika mbili kwa waya wa relei, pitisha kidole kavu kwenye kila kiungo, kisha rudia kipimo cha dakika 30 bila kubana chochote.

Bati_Jembamba

Ndoo nzima! Toa na kapeti leo leo. Sponji ya chini yake haikauki ikiwa ndani ya gari hata ukifungua milango wiki nzima. Ianike juu ya kamba, kisha utupigie picha ya sakafu kabla hujamwita mtu wa MIG.